Kati ya Kauli na Roho: Msamaha wa Anayekufa katika Kiswahili cha Mazishi na cha Fasihi

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyobeba maneno ya mwisho ya Kristo msalabani, hususani ombi la msamaha linalosimuliwa katika Injili ya Luka, na namna maneno hayo yanavyosikika katika mazishi ya Kikristo ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Mfano wa mahali ni Chimala, mkoani Mbeya. Hoja ya makala ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kitheolojia: anayekufa msalabani hasemi kwamba amesamehe, bali anamwomba mwingine asamehe. Tofauti hiyo ya viambishi imefifia katika mahubiri ya siku hizi, ambayo humtaka aliyekosewa atamke msamaha papo hapo. Inadaiwa hapa kwamba msamiati wa deni, radhi na wosia, ambao Ukristo wa bara uliupokea kutoka pwani, unaihifadhi tofauti hiyo vizuri zaidi. Kwa msingi huo panapendekezwa usomaji mwingine wa sehemu ya mwisho ya riwaya ya Rosa Mistika.

Kauli hukatika kwanza

Waswahili hutofautisha kukata kauli na kukata roho. Aliyekata kauli ameshindwa kusema; aliyekata roho amekufa. Kati ya matukio hayo mawili huweza kupita dakika chache au siku kadhaa, na katika muda huo mgonjwa yungali mtu hai, mwenye pumzi na jina, ila amepoteza uwezo mmoja ambao jamaa zake walikuwa wakiusubiri: hawezi tena kuusia, kudai, kukiri, kulaani wala kutoa radhi. Ndugu anayefika amechelewa na kuuliza “Alisema nini?” haulizi kwa udadisi. Anauliza iwapo kuna jambo lililofungwa ambalo sasa halina wa kulifungua.

Kifo kama dhamira ni mada iliyozoeleka katika uhakiki wetu. Kifo kama tukio la usemi kinastahili kuangaliwa zaidi, na nahau hizi mbili ndizo mlango wa kuingilia.

Desturi ya kuhubiri “maneno saba” Siku ya Ijumaa Kuu hukusanya kauli kutoka Injili zote nne: moja iliyomo katika Mathayo na Marko, tatu za Luka na tatu za Yohana. Mkusanyiko huo ni mzuri kwa ibada ya saa tatu, lakini huficha jambo ambalo msomaji wa Kiswahili angeliona upesi. Katika Marko na Mathayo, baada ya kilio cha kuachwa, kinachofuata ni sauti kuu isiyoelezwa kuwa na maneno. Ni kana kwamba kauli imekatika kwanza, kisha roho. Luka na Yohana wanasimulia vingine. Kristo wao anasema hadi pumzi ya mwisho. Kauli na roho hukatika pamoja. Katika Luka na Yohana, basi, ule muda wa ukimya ambao Waswahili wanauogopa haupo, na si ajabu kwamba kauli sita kati ya saba zinatoka katika Injili hizo mbili.

Biblia ya Union iliyotoka mwaka 1952 hutumia kukata roho katika Marko na Luka. Katika Yohana wafasiri waliacha nahau hiyo wakachukua kitenzi kusalimu, kitenzi kilekile cha askari anayesalimu amri. Uteuzi huo una akili. Anayesalimu kitu amekishika mkononi hadi dakika ya kukitoa, hakunyang'anywa.

Neno linalotangulia tendo hilo katika Yohana limefasiriwa kwa namna mbili. Union ina Imekwisha. Habari Njema ina Yametimia. Kiambishi ya- kinaelekeza kwenye mambo au maandiko, na kitenzi kutimia kinafunga mlango kwa ushindi. Kiambishi i- hakina mrejeo wa wazi. Ni nini kilichokwisha? Kazi, safari, dawa, pumzi? Mtu anayetoka chumba cha mgonjwa huweza kusema “imekwisha” na asiwepo wa kumuuliza ni nini. Deni nalo huisha. Habari Njema inamfasiria msomaji. Union inamwachia neno ambalo linaweza kuwa la kushindwa au la kumaliza, na ambalo ndilo hasa linalosemwa majumbani mwetu. Kwa mizani ya fasihi, Union imetenda vyema zaidi.

Kiswahili cha makaburini

Chimala iko wilayani Mbarali, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, pale bonde la Usangu linapokutana na milima inayopanda kuelekea Matamba. Wenyeji ni Wasangu. Mpunga, barabara na reli vimewaleta Wakinga, Wawanji, Wabena, Wahehe, Wasafwa, Wanyakyusa na, pamoja na ng'ombe wao, Wasukuma. Usangu pia ina Waislamu wa tangu zamani, wakiwemo Wabaluchi wa upande wa Rujewa. Upande wa Wakristo kuna Walutheri, Wamoravian, Wakatoliki, Wapentekoste wa majina mengi, na Makanisa ya Kristo, ambayo hospitali yao ya misheni ndiyo imelifanya jina la Chimala lijulikane mbali.

Mchanganyiko huu una matokeo ya kiisimu. Nyimbo msibani huweza kuwa za Kikinga au Kinyakyusa, lakini shughuli yenyewe huendeshwa kwa Kiswahili, kwa sababu waliosimama kaburini mara nyingi hawana lugha nyingine ya pamoja. Kiswahili hicho hakijui mipaka ya dini kama vitabu vya ibada vinavyoijua. Mkristo wa Chimala amesimama kwenye mazishi ya jirani Mwislamu, na Mwislamu kwenye mazishi yake. Fomula za kusema zimevuka bila kuomba ruhusa.

Matini mbili za mazishi hayo zinatuhusu. Ya kwanza ni wasifu wa marehemu. Kila anayeishi Tanzania anaujua utaratibu wake: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, aliajiriwa au alilima, alioa au aliolewa, alianza kuugua. Hapo ndipo wasifu unapokuwa na maelezo mengi kuliko mahali pengine popote. Zahanati ya kijiji itatajwa, kisha hospitali ya Chimala, kisha rufaa ya Mbeya, pengine Muhimbili, kila kituo na tarehe yake, hadi “mauti yalipomkuta”. Kisha idadi ya watoto na wajukuu. Alichosema marehemu hakimo. Tunaambiwa alipelekwa wapi. Hatuambiwi alisema nini.

Kunaweza kuwepo kishawishi cha kuuhusisha wasifu huu na desturi ya Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891. Tangu karne ya 18 kanisa lao limekuwa na utaratibu wa muumini kuandika maisha yake ili yasomwe siku ya maziko, na mara nyingi mtu mwingine huongeza habari za saa za mwisho na maneno ya mwisho. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika maisha ya waumini wa Usafwa, na baadhi ya masimulizi hayo yalirudishwa mbele ya wasomaji na Marcia Wright katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu watumwa na wanawake. Hata hivyo, ukisoma wasifu wa leo, unaona muundo wa maelezo binafsi ya mwombaji kazi: elimu, ajira, hali ya ndoa. Kama kuna urithi wa Wamoravian humo, basi ofisi imeumeza, na kilichomezwa kwanza ni saa ya kufa.

Matini ya pili ni fupi na haiandikwi. Msemaji wa familia anasimama kabla au baada ya kaburi kufunikwa na kutangaza kwamba anayemdai marehemu aje aonane na familia, anayedaiwa naye afanye hivyo, na kwamba kwa niaba ya marehemu wanawaomba radhi wote aliowakosea. Sekunde thelathini, wakati mwingine kwa sauti ya mtu aliyechoka. Humo ndimo msamaha wa Kiswahili unamokaa.

Deni, radhi, wosia

Kitenzi kusamehe ni cha Kiarabu kwa asili, na katika matumizi ya kila siku hakijawahi kuacha sokoni. Tunasema kumsamehe mtu deni, msamaha wa kodi, msamaha wa Rais kwa wafungwa. Katika matumizi yote matatu kuna aliye na haki ya kudai, na msamaha ni tendo lake la kuiacha haki hiyo. Hakuna anayeweza kusamehe kodi isiyo yake kuitoza.

Radhi ni jambo jingine. Mwenye radhi si lazima awe anadai kitu. Yeye ameridhika au hakuridhika, na kuridhika kwake kunamfuata aliyeachwa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa wa Pate kwa ajili ya binti yake, umejengwa juu ya dhana hii. Radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume zinapangwa humo kama masharti ya maisha mema. Ni wosia kwa maana kamili: mtu ambaye bado hajakata kauli anagawa alichonacho, na sehemu kubwa ya alichonacho ni maneno. Hofu iliyo nyuma ya utendi wa namna hii haitamkwi mara nyingi, lakini kila msikilizaji anaijua. Anayekufa bila kutoa radhi anaacha kitu kinachofanana sana na laana.

Kitenzi tunachokitumia kuomba radhi, niwie radhi, ni kauli ya kutendea ya kuwa. Lakini katika Kiswahili cha zamani -wia ilikuwa pia na maana ya kudai, kuwa na mtu katika deni, na Union bado ina wawiwa kwa maana ya wadaiwa. Kwamba radhi na deni hukutana katika mzizi mmoja wa kitenzi ni bahati ya umbo la maneno, labda. Lakini msemaji wa familia pale Chimala huyataja yote mawili kwa pumzi moja, na haonekani kuhisi kwamba anachanganya mambo.

Hapa panafaa kumkumbuka Karl Roehl, ambaye Biblia yake ya mwaka 1937 ilijaribu kupunguza maneno ya Kiarabu ili Mkristo wa bara apate Kiswahili chenye sura ya Kibantu. Shabaha hiyo ilikuwa na heshima ndani yake, kwa kuwa ilimchukulia msomaji wa bara kuwa mwenye lugha, si mkopaji. Lakini ilidhani kwamba tabaka la Kiarabu ni vazi tu. Kiswahili cha makaburini kinaonyesha kinyume. Mkinga na Msukuma wanaokutana Usangu wanaelewana juu ya msamaha kwa sababu ya samehe, radhi, wosia na deni, si licha ya maneno hayo. Kuna njia ya Kibantu, kuondolea, ambayo imesalia katika kanuni ya imani kama ondoleo la dhambi. Ni neno zuri, ila linazungumzia dhambi kama mzigo au uchafu. Halimtaji mdai. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki, alielewa suala hili kwa silika ya mshairi: alipoiweka Injili katika utenzi aliuchukua utanzu wa pwani pamoja na sauti yake, na hakuhisi kwamba Injili imeingia nyumba ya wageni.

Viambishi viwili

Katika Luka, Union na Habari Njema zote zina neno moja: uwasamehe. Tuligawe kama tunavyomfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. U- ni nafsi ya pili umoja, anayeambiwa. -wa- ni yambwa, watu wa nafsi ya tatu. -samehe ni mzizi, katika hali ya dhamira tegemezi, yaani ombi. Anayesema hayumo ndani ya kitenzi. Hakuna ni-.

Baadhi ya hati za kale za Luka hazina ombi hili, na wataalamu wa maandiko wana mjadala wao juu ya sababu. Kwa makala hii inatosha kwamba wasomaji wa Kiswahili wamelipokea, na kwamba umbo lake linajirudia katika kifo cha Stefano katika Matendo ya Mitume: naye hawaambii wanaompiga mawe kwamba amewasamehe, bali anamwomba Bwana asiwahesabie.

Tofauti kati ya uwasamehe na nimewasamehe si ya mtindo. Nimewasamehe ina watu wawili, msemaji na wakosaji, na inafunga shauri. Uwasamehe ina watatu. Msemaji anauhamisha mkono wa kudai. Anakiri kwamba kuna deni, maana pasipo deni hakuna cha kusamehe, na analikabidhi kwa mwingine. Kwa mtu aliyelelewa katika lugha ya wosia, hili ni tendo linaloeleweka kabisa. Anayekufa hugawa. Huyu anagawa hata haki yake ya kulaani, na hampi mtu wa duniani.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ilipo sadaka katika tukio hili kwa msikilizaji wa Kiswahili, kuliko katika misumari. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zinaamini kwamba neno la anayekufa lina nguvu. Kristo wa Luka ana neno hilo mdomoni, amekosewa kuliko yeyote, na kauli haijakatika. Hatarajiwi kunyamaza, anatarajiwa kufunga. Anachokitoa ni uwezo huo.

Lakini tuiite nini? Msamiati wetu wa sadaka umechakaa kwa namna ya kusikitisha. Sadaka yenyewe, kanisani, ni fedha ya kapu. Kafara mitaani ni mtu anayeaminiwa kutolewa ili mwingine atajirike, na neno hilo likitajwa Mbeya au Iringa watu huangalia pembeni. Dhabihu imebaki ndani ya Biblia na nyimbo, haitoki nje. Mhanga ndiyo yenye historia ya ajabu kuliko zote. Kujitoa mhanga lilikuwa fungu la maneno la kumsifu aliyekubali kufa kwa ajili ya wengine. Kisha vyombo vya habari vikalipa kazi ya kumtaja mlipuaji wa bomu anayekufa na wahanga wake, na wahanga hao si wajitoaji bali ni waathirika. Neno moja sasa lina mtoaji, mwuaji na aliyeuawa. Mhubiri wa Ijumaa Kuu anayesema kwamba Kristo alijitoa mhanga anasema kweli kwa neno ambalo limeshalowa damu ya aina nyingine, na sijui neno jingine ambalo angelitumia akawa salama.

Samehe na uachilie

Katika miongo ya karibuni mahubiri ya Kiswahili yameleta jozi mpya: kusamehe na kuachilia. Kuachilia ni neno la Kibantu na lina ukali wake. Huachiliwa mfungwa, huachiliwa ndege. Katika mahubiri hayo, hata hivyo, anayepaswa kufunguliwa ni msamehevu mwenyewe: asipoachilia, baraka zake zimezuiwa. Mkosaji ametoweka kwenye sentensi. Na neno la msalabani hutumiwa kama amri: Kristo alisamehe akiwa anakufa, wewe mzima unashindwaje? Mjane anaambiwa hivi mbele ya mwili wa mume aliyempiga kwa miaka. Watoto wanaambiwa hivi hospitalini kabla kauli ya baba haijakatika, kwa haraka, kwa sababu “mgonjwa anasubiri kusamehewa ili apumzike”.

Kisarufi, hoja hiyo imebadilisha kiambishi bila kusema. Maandiko yana u-. Mahubiri yanadai ni-. Kama kielelezo ni Kristo wa Luka, kinachoweza kuombwa kwa mjane huyo ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: kwamba akabidhi dai lake. Halazimiki kutamka kwamba dai halipo.

Masikio ya nyanda za juu yana sababu nyingine ya kuitilia shaka haraka hiyo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika Rituals of Kinship among the Nyakyusa (1957) kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu iliaminiwa kuleta ugonjwa, na kwamba upatanisho ulitaka hasira hiyo itamkwe; mwenye kinyongo alisema alichonacho, kisha akapuliza maji. Rungwe si Usangu, wala desturi ya miaka ya 1930 si ya leo. Lakini mpangilio wake unafaa kufikiriwa. Kwanza lalamiko, kwa sauti, mbele ya watu, kisha pumzi. Msamaha uliotamkwa juu ya hasira isiyotamkwa ulikuwa hatari. Ukiusoma mkusanyiko wa maneno saba kwa macho hayo, kilio cha kuachwa katika Marko na Mathayo kinapata kazi ambayo wahubiri wengi hawaipi. Ni lalamiko. Kimesemwa, na kimesemwa kwa yule yule anayeombwa kusamehe.

Kuna mfano unaoonekana kupinga hoja hii. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia Uganda baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16 Februari 1977. Katika kitabu chake I Love Idi Amin, kilichotoka mwaka huohuo, anasimulia jinsi alivyoyasikia maneno ya Luka katika ibada ya Ijumaa Kuu jijini London na kuona kwamba lazima amsamehe Amin. Hapa u- imegeuka ni-, na imegeuka kwa mtu mwenye mamlaka ya kiroho. Lakini tuangalie nani anasema. Kivengere ni mhamishwa, mdai, na anazungumza juu ya uchungu wake mwenyewe. Hamsemei mjane wa mtu mwingine. Kitabu kinaanza na mashtaka: kinasimulia mauaji kwa majina. Lalamiko limetangulia. Ungekiondolea kitabu hicho sura za mauaji na kubakiza jina lake tu, kama wanaokinukuu wanavyofanya mara nyingi, ungepata mahubiri ya kuachilia.

Rosa na mtu wa tatu

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 iliwakera wengi, na kwa muda ilizuiwa shuleni. Sababu iliyotajwa zaidi ni uwazi wake juu ya ngono. Lakini kuna kero nyingine, ya kidini, ambayo bado inasikika kwa wasomaji wa Kikristo: kwamba riwaya hii yenye jina la Bikira Maria na mandhari ya Kikatoliki ya Ukerewe inaishia bila msamaha. Rosa anajiua. Baba yake, Zakaria, aliyemlea kwa ulevi na kipigo, hapati neno la upole kutoka kwake. Kisha mwandishi anatuvusha upande wa pili, mbele ya Mungu, na hata huko kinachofanyika kinafanana na shauri la mahakamani: lawama, utetezi, swali la nani alimharibu nani. Msomaji aliyezoea kuachilia anaona hapa ubaridi, au kejeli ya mtu aliyesoma seminari akatoka na hasira.

Usomaji huo unatafuta ni- mahali ambapo mwandishi ameweka u-. Rosa amekufa bila kauli. Amejiua, na katika kujiua hakuna kitanda cha kuzungukwa, hakuna radhi iliyoombwa wala kutolewa. Ni kifo ambacho Kiswahili cha mazishi hakina fomula yake. Duniani, basi, shauri kati ya binti na baba limefungwa vibaya na haliwezi kufunguliwa na wawili hao. Kezilahabi anafanya jambo pekee ambalo sarufi ya msalaba inaliruhusu: anamleta wa tatu. Onyesho la mwisho halikuongezwa ili kutisha, wala si mzaha wa kimapokeo. Ni kukabidhi. Rosa anapata kauli aliyoikosa, na kauli hiyo inaanza kwa lalamiko, kama ilivyokuwa kwa mwenye kinyongo wa Unyakyusa na kama ilivyokuwa Golgotha. Kumtaka aseme “nimekusamehe, baba” hapo ni kumtaka afute ushahidi kabla haujasikilizwa.

Ulinganisho na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) unasaidia kuona upekee wa Kezilahabi. Kinjeketile naye yuko karibu kufa na ana kauli. Watesi wanamtaka aitumie kukana, kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa neno hilo lingerithiwa na watoto kama wosia mbovu. Mwisho wa Hussein ni wosia safi, bila Mungu wa kukabidhiwa: anayekufa anawajibika kwa watakaozaliwa, basi. Hakuna msamaha katika tamthilia hiyo kwa sababu hakuna wa tatu wa kuombwa. Kwa Rosa yupo, na uzito wote wa riwaya umeegemezwa kwake, iwe mwandishi mwenyewe alimwamini au la.

Wanafunzi wanaoisoma riwaya hii huulizwa, mwaka baada ya mwaka, nani alaumiwe kwa kifo cha Rosa. Majibu hugawanyika kati ya Zakaria, malezi ya shule, wanaume waliomtumia, Charles na Rosa mwenyewe, na kila jibu lina kurasa zake za kuthibitisha. Swali lenyewe lina nafasi mbili tu, mlaumiwa na mlaumu, na nafasi ya mlaumu amekwisha kupewa mwanafunzi. Onyesho la mwisho, ambalo lina nafasi tatu, hufundishwa baadaye kama kipengele cha mtindo, chini ya kichwa cha fantasia.